Nafasi ya Majina ya Watoto

Kila asubuhi Stumai hufunga dirisha, huvaa spika za masikioni na kuanza kupokea simu za wateja wa kampuni ya nchi ya mbali, ambayo haijawahi kumwona. Leo, kabla ya simu ya kwanza, hodi ikapigwa. Mgeni alikuwa mwanamke mwenye faili, wakala wa kampuni hiyo.

"Sheria ya hapa inaitaka kampuni ikuajiri rasmi, dada. Upate likizo, pensheni na bima ya matibabu. Jaza hapa."

Stumai alikikagua kitambulisho cha mgeni mbele na nyuma, kisha akaisoma fomu aliyopewa. Miaka mitatu hawajamuuliza hata hali, leo wanataka majina ya watoto. Siku ya usaili aliwaambia hana mtoto. Wamekuja kumnasa?

Akaandika: Hakuna.

Chumba cha pili mtu akakohoa, kikohozi chembamba kisichokatika.

"Paka?" mgeni akauliza.

"Wa jirani."

"Ana kifua kibaya." Mgeni hakucheka. "Sikuja kupeleleza, dada. Ila bima haimtibu asiyeandikwa."

Stumai aliirudia karatasi, kalamu ikamgomea.

"Ni wangu," akasema. "Anaitwa Zawena, ana pumu. Niliwadanganya, niliogopa kunyimwa kazi."