Kucha za Moxie

Paka alimuuma Vernon mara mbili kabla ya kuingia kwenye tundu la kubebea.

"Unaona?" Vernon alimwambia mkewe, akinyonya damu kidoleni. "Huyu si paka. Ni balaa yenye mkia."

"Hata mimi ningekuuma," alisema Delphine, "ungenisukumia mle kichwa mbele."

Walimchukua Moxie kwenye makazi ya wanyama wasio na wenyewe theluji ilipoyeyuka, akiwa tayari paka mkubwa. Tangu hapo Vernon hakupata raha. Paka alikataa beseni lake la mchanga la kujisaidia, akakojolea zulia. Alitembea kama anayekanyaga sakafu ya moto. Na kubwa kuliko yote, kiti.

Kilikuwa kiti cha ngozi cha kujinyoosha, chenye mahali pa kopo la bia, alichonunua ili akikalie akitazama mpira. Kila aliporudi kazini alikuta mchaniko mpya mgongoni mwa kiti, umenyooka kama uliopigwa rula. Alishona. Akabandika utepe. Akapuliza dawa ya harufu ya machungwa. Kesho yake, mchaniko mwingine. Ndipo akaamua paka akaondolewe kucha.

"Tukitupe," Delphine alikuwa akimwambia. "Kimemeza sebule nzima. Heri kutupa kiti kuliko kukata vidole."

"Kucha, si vidole."

"Vidole, Vern. Wanakata kwenye kiungo cha mwisho, mfupa na vyote. Wewe ukikatwa hivyo, hilo kopo lako utalishika na nini?"

Mji wao wote wa Utica ulikuwa na wimbo huo huo. Gavana alikuwa karibu kutia saini sheria ya kupiga marufuku kuwaondoa paka kucha, na kila kliniki ya wanyama Vernon aliyoipigia simu ilimjibu kwamba kazi hiyo wameiacha. Moja tu, nje ya mji, ilikubali kumtazama paka kwanza.

Njiani Delphine alisema mara moja tu.

"Geuza gari, Vern. Kuna kitu nataka kukuambia."

"Utaniambia tukirudi."

Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alimweka Moxie mezani, akaubonyeza mguu mmoja wa mbele taratibu, kama anayemenya kunde. Akabonyeza wa pili. Akarudia wa kwanza.

"Anauma?"

"Anauma!"

"Mchanga anaukwepa?"

"Haukanyagi kabisa!" Vernon nusura amkumbatie. Hatimaye, mtu wa kumwelewa.

"Vidole vikiuma, mchanga ni kokoto," alisema daktari. "Na aliyenyang'anywa silaha hubaki na meno." Akaugeuza mguu wa paka kwenye mwanga. "Njoo utazame, bwana. Kazi uliyoniletea, mtu mwingine alishaifanya miaka mingi iliyopita. Miguu hii ya mbele haina hata ukucha mmoja."

Vernon alitazama. Vidole vilikuwa vifupi na butu, na Moxie alikuwa akitetemeka.

Akaikumbuka ile michaniko iliyonyooka. Akageuka polepole.

Delphine alikuwa akisoma bango la viroboto ukutani, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

"Nilikuambia ugeuze gari," alisema.