Kiuno cha Zuhura

Siku zote tatu za tamasha, Bi Mashavu alisikiliza muziki kwa kiuno cha shoga yake Zuhura. Masikio yalishamfia tangu mfungo, wala hakumwambia mtu, asije akaachwa nyumbani mwaka ujao achunge kuku. Kiuno kikitikisika, anapiga makofi. Kikitulia, naye anatulia. Na kiuno cha Zuhura, wallahi, hata kipofu angekiona.

Alasiri ya mwisho, wimbo ulikwisha na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza mwimbaji akiaga. Lakini sisimizi alikuwa ameingia ndani ya kanga ya Zuhura, na kiuno kikazidi kwenda. Bi Mashavu akapiga makofi peke yake, pa, pa, pa, kwa raha zote, mpaka alipoona watu wamegeuka kumtazama.

Mikono ikamganda hewani.

Zuhura alimkazia macho, akaelewa.

“Tangu lini, we kizee?” aliuliza, akiipanua midomo ili isomeke.

“Tangu mfungo. Usiniache, shoga.”

“Na mimi nikidhani unakihusudu kiuno changu!”

Kisha akawageukia watu. “Mnatazama nini? Pigeni makofi na nyie!”

Akapiga kigelegele. Viti vya nyuma vikaitikia kwa makofi, uwanja ukafuata, mpaka mpiga ngoma akacheka na kuanza upya.

Zuhura akauchukua mkono wa Bi Mashavu, akauweka kiunoni pake.

“Shika hapa. Na mwakani hivi hivi, usikodoe macho bure.”

“Ahsante, shoga yangu.”

Chini ya kiganja chake wimbo ukaanza kwenda, na sisimizi naye.