Tangi Limejaa

Mgeni kutoka kwa wafadhili alifungua bomba la tangi jipya, maji yakamrukia viatuni. Akacheka, akapiga picha.

Maji yale akina mama walikuwa wameyapandisha kichwani tangu alfajiri, ndoo kwa ndoo, kutoka bonde la Kitangari. Mimi, mwalimu mkuu, ndiye niliyewaomba. Tangi ni la kuvuna mvua, lakini paa la shule halina mifereji, na niliogopa kwamba likikutwa kavu tutanyimwa fedha zilizobaki za kuiweka.

Mama Huruma alisimama karibu yangu na mimba yake ya miezi saba. Ngata ya khanga ilikuwa bado kichwani, ikimchuruzikia maji shingoni.

“Hongereni, Mwalimu,” mgeni alisema. “Maji mnayo tele. Fedha zilizobaki tutawapa wenzenu wasio nayo.”

Akaniletea fomu niweke saini. Bomba aliliacha wazi, maji yakawa yanaishia mchangani.

“Mwalimu,” Mama Huruma alininong’oneza, “nikafunge?”

Nilimshika mkono, kwa mkono wa pili nikaweka saini.

“Acha,” nilimwambia. “Ukiyakimbilia, atajua.”