Waya wa Pampu

"Washa tena, shemeji!"

Fundi alikuwa amechutama kando ya lori kuukuu, sikio kaliegemeza kwenye tangi la mafuta. Dereva akazungusha ufunguo. Pampu iliyo nzima humo ndani ingenguruma kidogo. Hii ilikuwa kimya kama jiwe.

Akapapasa waya wa pampu. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, shaba bado inang'aa.

Akainua macho. Dada yake alisimama mlangoni mwa nyumba, mikono nyuma, akimtazama dereva, mumewe, aliyerudi safarini alfajiri na sasa alitaka kuondoka tena na shehena ya saruji. Mumewe alikuwa ameshasinzia juu ya usukani.

"Shemeji!"

Dereva akagutuka. "Tumefika?"

Fundi akausukuma waya nyuma ya tangi, mahali pasipoonekana.

"Pampu imekufa, shemeji. Kalale."