Tumbawe Aliyeonea Wivu Ugonjwa

Palikuwa na tangi la kioo lenye matumbawe laini wawili. Zambarau, aliyekaa chini, aliugua akajikunja. Kila asubuhi Kaa, tabibu wao, alimsafisha na kumpepea kwa maji mapya.

Kijani, aliyekaa juu penye mwanga, akaona wivu. "Mimi sijawahi kuulizwa hata hali!" Naye akajikunja.

"Dada, vipi?" Kaa akauliza.

"Naumwa kuliko yule!"

"Pole. Mwanga umekuunguza." Kaa akamshusha chini ya jiwe, na mahali pake akampandisha Zambarau.

"Nilikuwa natania, tabibu! Mimi mzima!"

"Hiyo ni homa inayosema," Kaa akajibu, akaenda zake.

Wiki haikuisha, kule gizani, Kijani akajikunja tena. Safari hii alishindwa kufunguka.