Mama Mwenye Namba Moja

Ottilia aliona jina la marehemu mama yake limejitokeza mara mbili kwenye kioo cha kompyuta, akaacha kuchapa.

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya kompyuta, pale Mbinga mjini, walitengeneza kurasa za tovuti. Ya pili ikawa ya hifadhidata, na mwalimu akawaletea vitabu vya zamani vya ubatizo wafanyie mazoezi. Ottilia, mama wa miaka hamsini, mkulima wa kahawa, alikuwa ameingiza viwili: cha kwao Maguu na cha Lituhi, kule ziwani.

Kwenye safu ya mama wa mtoto, jina lilikuwa lile lile, jina la baba yake lile lile, na mwaka wa kuzaliwa ule ule.

"Mwalimu, huyu mtu yumo kwenye vitabu vyote viwili."

"Kama una hakika ni mmoja, Mama, mpe namba moja. Watoto wake watakuja pamoja."

Kidole chake, chenye weusi wa maganda ya kahawa usiotoka kwa sabuni, kilikaa juu ya kitufe. Maisha yake yote aliitwa mtoto wa pekee. Mama hakuwahi kusimulia habari za ziwani, ingawa hapakuwa na jirani aliyemshinda kupika samaki.

Akabonyeza.

Chini ya namba ya mama yakapangana majina mawili. La kwanza lilikuwa Romanus, aliyebatizwa Lituhi miaka mitatu kabla yake. La pili lilikuwa lake.

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, huku akicheka kimoyomoyo.

"Mwalimu," akauliza, "gari la Lituhi huondoka saa ngapi?"