Mwewe Alivyokoma

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Juni. Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu membamba, na jua halikuonyesha dalili ya kutoka.

Saa moja kamili mkwe alikwisha kumtoa mzee nje uani, kama kila siku. Alimbeba mgongoni peke yake, maana mzee alikuwa amebaki mifupa na koti, akamkalisha kwenye kiti cha mbao na kumfunga mkanda kifuani asidondoke. Jana kiti kilikuwa karibu na tangi la maji. Leo alikiweka kwenye kona ya banda la kuku.

"Leo ukae upande huu, baba," alisema. "Kutazama ukuta mmoja kila siku kunachosha."

Akamvalisha shati jekundu juu ya sweta. Juzi lilikuwa la njano, jana la bluu, yote mapana na yenye mikono mirefu, kwa sababu mkono wa kushoto wa mzee haukuacha kutetemeka tangu kiharusi kilipomnyang'anya upande wa kulia na ulimi.

Mkwe akafungua banda. Matetea watano wakamiminika na vifaranga vyao.

Kabla mzee hajaletwa hapa, mwewe alikuwa bwana wa ua huo. Mkwe alipaka vifaranga rangi ya zambarau, akatundika makopo, akavuta kamba juu kutoka ukuta hadi ukuta. Mwewe hakujali. Alishuka, akachagua, akaondoka. Lakini miezi mitano sasa, tangu mzee afike, hakuna kifaranga hata kimoja kilichonyakuliwa. Mzee alimshukuru Mungu kwa jambo hilo kila asubuhi. Aliamini mwanamke huyu analipwa wema wake, na kuku walikuwa sehemu ya malipo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumtendea wema wowote. Siku mwanawe mdogo alipomleta nyumbani kumtambulisha, mzee alikataa hata maji kutoka mikononi mwake. "Huyu umemwokota wapi?" aliuliza, wageni wote wakisikia. Sasa huyo wa kuokotwa ndiye aliyemwosha na kumlisha. Na kila kivuli kilipopita juu, mzee akaguna na kupunga mkono, mkwe alitoka jikoni mbio, ufagio mkononi, akamfuta mate kabla ya kurudi ndani. Binti wa kumzaa asingekimbia vile. Mzee alimwomba Mungu ampe maneno machache tu, aweze kumwambia nisamehe.

Saa nne manyunyu yalikoma, na mwanawe mkubwa, fundi wa magari, akafika. Mdogo hakwenda kazini siku hiyo. Mama wa nyumba ya pili naye aliingia, akasema amekuja kuazima ungo, akakaa.

"Shemeji, baba umemweka nje na baridi hii?" fundi aliuliza.

"Baba hapendi kufungiwa ndani. Muulize."

"Nitamuulizaje na hasemi?"

"Basi usibishane naye."

Jirani alicheka. Fundi hakucheka. Alichuchumaa mbele ya kiti na kuushika ule mkono unaotetemeka.

"Baba, nimekuja kukuchukua. Nimekutayarishia chumba, na nimepata mtu wa kukufanyisha mazoezi. Daktari anasema bado hujachelewa. Miezi mitatu utasimama, labda na ulimi utafunguka. Lakini ukiendelea kukaa hivi kwenye kiti, ndiyo basi tena."

"Mimi nafuata atakachotaka mwenyewe," alisema mdogo, macho chini.

Mkwe alikuwa amemkazia mzee macho, na macho hayo yalijaa maji. Mzee aliyaona. Kusimama! Alitamani kusimama kuliko alivyotamani chakula. Lakini aliwaza: nikiondoka leo, nitakuwa nimemkataa mara ya pili mbele za watu. Akafumba macho, akaomba kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na koo lake likakwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Nibaki."

Mdogo aliangua kilio waziwazi, bila kujificha.

"Kasema," jirani alinong'ona. "Jamani, mzee kasema."

"Ni... baki," mzee alirudia, jasho likimtiririka.

Fundi aliinuka taratibu, akijifuta magoti. "Haya. Mzazi ametoa neno lake, sitalipinga." Akamshika nduguye bega, wakasogea hadi penye tangi, kila mmoja akijaribu kumtuliza mwenzake.

Mkwe akapiga magoti kumfunga mzee kifungo cha shati. Jirani akainama karibu nao.

"Mwenzangu, nilidhani leo unapokonywa."

"Roho ilikaribia kunitoka," mkwe alijibu chini chini. "Sanamu la matambara mwewe alilizoea kwa siku nne. Huyu nambadilisha shati, namhamisha kona, anapepea mwenyewe. Mpaka leo mwewe hajamzoea. Na wiki ijayo natotolesha mayai thelathini."

"Laiti ningekuwa na baba mkwe," alisema jirani.

Mzee alifungua mdomo. Akasukuma, akasukuma tena. Hakikutoka kitu ila mate, na mkwe akayafuta kwa upole. Kisha akasimama, akamwekea mkono begani, akapaza sauti ili ndugu wote wawili wasikie.

"Nawaahidi mbele yenu nyote, na Mungu ananisikia. Baba hatatoka katika ua huu mpaka siku ya kufa kwake."